Kiti Nilichokikata Kwenye Harusi ya Nabwire

Siku tuliyomzika Wandera, watu wasiopungua kumi walisimama wakiwa wameinua simu zao, wakirekodi jeneza likishuka, na kabla hatujaitwa kula picha zilikuwa zimeshafika Nairobi na Kampala na kwa jamaa zake walio Dubai. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona aibu kwa kucheka matangani. Huyu Wandera ndiye aliyepiga video za harusi na maziko pande zote mbili za mpaka wa Busia, enzi ambazo ukitaka kuiona harusi yako ulisubiri wiki mbili, na mimi ndiye niliyezigeuza kanda zake kuwa DVD. Video ya maziko yake mwenyewe ilichukua muda gani kufika Dubai? Hata chai haikupoa. Nilikuwa nimekaa nyuma ya hema, sahani ya wali mapajani, nikiwaza upuuzi huo, ndipo mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheusi kichwani akapewa kipaza sauti. Sikumtambua mpaka alipofungua kinywa. Alikuwa Nabwire, aliyekuwa bibi harusi wetu, na sikuwa nimemtia machoni kwa miaka kumi na saba.

"Huyu ndugu yetu alinikosea mara moja tu," Nabwire alisema. "Kwenye video ya harusi yangu alikikata kiti cha baba yangu. Alikata kabisa, ukitafuta kiti hukioni. Lakini alikuja mwenyewe hospitalini Masafu, akasimama mbele ya baba akasema, mzee, ni mimi nimekata. Niambieni, wanaume wa namna hiyo wamebaki wangapi?" Watu wakapiga makofi, mjane akafuta machozi, na mimi nikaweka kijiko chini. Maana aliyekikata kile kiti ni mimi, kwa mkono huu huu ulioshika kijiko. Wandera alipoyatamka maneno yale nilikuwepo, niliyasikia, lakini nilidhani ni ya kutuliza mambo siku ile tu, yaishie pale. Kumbe aliyabeba miaka yote. Yeye na Nabwire walikuwa wakikutana sokoni, wakikutana kanisani, na hakuwahi kumwambia? Nisimame niseme mbele ya watu? Nikisema nitamharibia marehemu sifa zake, au nitamwongezea? Nikala wali wangu, tena nikaumaliza wote, na mpaka leo najishangaa. Basi wacha niyaandike hapa, huenda nikiyapanga nitaelewa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Nagongera, upande wa Uganda, na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, na nilijiona najua kila kitu. Studio ya Wandera ilikuwa chumba kimoja upande wa Kenya, hatua chache kutoka barabara ya malori, kimegawanywa kwa mbao nyembamba: huku sisi, kule saluni. Ukuta wetu mmoja ulichorwa maporomoko ya maji na swala wawili, hapo ndipo wachumba waliposimama kupigwa picha za ukumbusho. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, kompyuta mbili, na feni moja ambayo Wandera aliielekeza kwenye kompyuta, si kwangu. "Wewe ukisikia joto utatoka nje," aliniambia. "Hii ikisikia joto inakufa." Chakula kilikuwa chapati na maharage kutoka kwa mama mmoja wa jirani, kila siku ya Mungu, isipokuwa Ijumaa, Wandera aliponunua samaki na kunigawia kichwa kwa kuwa yeye kichwa hali. Na kupitia zile mbao nilisikia yote ya saluni: nani ameachwa, nani amevusha mzigo bila kushikwa, nani ana mimba na ni ya nani. Walichanganya Kisamia, Kiswahili, Kijaluo na Kiingereza ndani ya sentensi moja. Mimi niliyekulia kwenye Kidhopadhola nilishika robo tu, zile robo tatu nikazijaza kwa akili yangu. Nadhani nusu ya watu niliowachukia mwaka ule nilikuwa sijawaelewa tu.

Kiswahili changu chenyewe kilikuwa cha sokoni. Nilisema "mimi nakwenda leta ile kitu yake," na wateja wa upande wa Kenya wakacheka mpaka wakashika ukuta. Wandera hakucheka. Aliwauliza, "Mnacheka nini? Mmemwelewa ama hamjamwelewa?" Tangu siku hiyo nilimpenda kama kaka, na asiniambie mtu kwamba kulikuwa na lingine, maana saluni walishasema na nilishawajibu. Ila hakuwa mtu wa maneno mengi, na hilo ndilo lililokuja kutuponza. Alikupa kazi kwa maneno manne, akaondoka, na wewe ujaze kilichobaki.

Kazi yenyewe niieleze, maana wanangu wanadhani DVD zilikuwa zinaota shambani. Kamera ya Wandera ilitumia kanda ndogo, saa moja kila kanda. Kwanza kanda iingizwe kwenye kompyuta, na hapo hakuna njia ya mkato, kanda ya saa moja inaingia kwa saa moja. Halafu unakata, unaunganisha, unaweka nyimbo na maua. Halafu ndipo inakuja kukonvati, yaani kompyuta inaitafuna video yote na kuigeuza iwe ya namna ambayo deki itaikubali, kabla hujaichoma kwenye sahani ya DVD. Kukonvati ndiko kulikotuua. Harusi yenye urefu wa saa tatu ilianza kukonvatiwa watu wakinywa chai ya asubuhi, na jua likizama ule mstari wa kwenye skrini uko asilimia sitini. Umeme ukikatika, unaanza sifuri. Wateja walitoka Mulanda, walitoka Tororo mjini, wakafika wamechoka na kukuta mstari. "Bado?" "Bado." Wandera alikaa na chai yake ya tangawizi akisema kompyuta nayo ni mtu, ipewe nafasi. Mimi subira sina, sikuwa nayo wakati ule na sijaipata hadi leo. Nikaapa ile mashine itakimbia.

Na ilikimbia! Nilianza kwa kuzima kila kitu kilichokuwa kinaipunguza nguvu: nyimbo ambazo Wandera alizisikiliza kwenye kompyuta ile ile, mchezo wa karata, programu ya kusaka virusi. Ikapungua saa nzima. Kisha nikagundua kwamba programu ilikuwa inaipitia video mara mbili, mara ya kwanza kuikagua, ya pili kuigeuza, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Nikaiambia ipite mara moja. Picha zikafifia kidogo, waliocheza kwa kasi wakawa na vumbivumbi usoni, lakini nani alilalamika? Nikagawa kazi, nusu kompyuta hii, nusu ile. Wakati wa kukata nikazima sauti na kuikimbiza picha mara nane ya mwendo wake, kwa nini nipoteze siku nasikiliza hotuba za wajomba wa watu? Na hila iliyozidi zote niliibuni mwenyewe: kabla ya kukonvati, toa kila kipande kisicho na mtu. Harusi zetu zilijaa vipande hivyo, kwa sababu wapiga video wa mpakani wana desturi moja. Pilau likifika, kamera inaachwa imesimama kwenye miguu yake mitatu ikitazama popote, mwenyewe anaenda kula. Unakuta robo saa ya kona ya hema. Nilikata bila huruma. Kazi ya kutwa nzima nikaipunguza ikawa ya saa tatu na nusu, na Wandera akaanza kunitambulisha kwa wateja, "Huyu ndiye Athieno wa spidi." Nilivimba kichwa, wacha nikiri.

Nabwire alikuja Jumatatu asubuhi, siku ya tisa baada ya harusi yake, nywele bado zina mawimbi ya bibi harusi, mkononi chupa ya uji. Alikuwa Msamia wa karibu na Masafu, ameolewa Tororo na kijana wa Mulanda, na Wandera ndiye aliyepiga ile video. Hakukaa. "Kaka Wandera, baba amelazwa Masafu," alisema. "Ana uvimbe tumboni, unatakiwa kutolewa haraka. Gari la kumpeleka Mbale akapasuliwe limepatikana, linaondoka kesho asubuhi. Amekataa." Wandera akauliza amekataa nini. "Amekataa kwenda. Anasema hatoki kitandani mpaka aione harusi yangu, tena aione leo." Baba yake, Mzee Egesa, hakuhudhuria harusi kwa sababu ya tumbo hilo hilo. "Bado ni lile jambo?" Wandera aliuliza. "Bado ni lile," Nabwire akajibu, akanigeukia. "Mdogo wangu, itawezekana?" Nikasema itawezekana kabla hajafunga mdomo. Jambo gani, sikuuliza. Nilichosikia mimi ni neno "leo" tu.

Kanda za harusi ile tulikuwa tumeshaziingiza kwenye kompyuta wiki iliyotangulia. Kanda zenyewe nilizitupa ndani ya kasha la kanda za kurekodiwa upya, kwa sababu kanda mpya zilikuwa ghali na sisi tulizirudia mpaka zichoke. Wandera alikuwa anakimbilia kipaimara upande wa pili wa mji. Akachukua kamera, akachota kanda chache kutoka kwenye lile kasha bila kuzitazama, akasimama mlangoni. "Athieno," alisema, "hii usiichezee." Ndiyo hayo maneno yake. Nikadhani ananiambia nisichelewe. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara ngapi, sijui. Angeongeza neno moja! Au mimi ningeuliza swali moja! Nabwire alikaa kwenye benchi nje ya pazia, hatua tatu kutoka nilipokuwa, chupa ya uji magotini, na sikumwita hata mara moja.

Kwenye saa ya pili ya harusi nikakutana na kiti. Kilikuwa kiti kikubwa cha mbao kilichofunikwa kitambaa cheupe, juu yake sahani yenye kipande cha keki. Hakuna mtu. Nikakimbiza picha: kiti. Nikakimbiza tena: kiti bado. Dakika kumi na moja kamera haikutikisika. Nikacheka nikasema kwa sauti, "Wandera na pilau!" Nikakikata, pamoja na kile kipande kifupi cha bibi harusi akiweka sahani na kuondoka, nikaunganisha keki ya wazazi wa bwana harusi na muziki wa kucheza, nikawasha mashine. Nilifurahi. Kuokota dakika kumi na moja za bure siku ya haraka namna ile, ilikuwa kama Mungu mwenyewe ananisukuma mgongoni.

Saa sita mchana, asilimia arobaini na moja, umeme ukakatika Busia yote ya Kenya. Nabwire alilia bila sauti. Nikatazama ng'ambo, taa za maduka ya Uganda zinawaka. Dada yake Wandera alikuwa na duka la nguo upande ule. Nikachomoa nyaya, nikaifunga kompyuta kwa shuka, tukapanda baiskeli mbili za boda, mimi na mashine mapajani, Nabwire nyuma na uji wake. Pale kwenye kizuizi cha mpakani ofisa wa forodha akatusimamisha. "Hii inaingia ama inatoka?" Nikamwambia inatoka, halafu inarudi. "Inarudi lini?" Ikimaliza. "Ikimaliza nini?" Harusi, nikasema. Akanitazama, akazitazama nywele za Nabwire. "Wewe ndiye bibi harusi?" Nabwire akakubali. "Na bwana harusi yuko wapi?" Nabwire, machozi hayajakauka, akaigonga ile kompyuta. "Yuko humu ndani," alisema. Yule bwana alicheka, akatupungia mkono tupite, na mpaka leo sijui kama aliona ni mzaha au aliamini sisi ni wagonjwa.

Dada yake Wandera alituletea ugali wa mtama na mboga, mimi nikala kwa mkono mmoja huku mwingine uko kwenye kipanya. Saa kumi DVD ikatoka, ya moto. Wandera alikuwa ameshamaliza kipaimara, akatukuta pale dukani, tukachukua pikipiki mbili tukafika Masafu jua bado liko juu ya miti. Mume wa Nabwire alikuwa ameazima deki ndogo ya kukunja, ile yenye skrini yake. Mzee Egesa alikaa kitandani amevaa koti juu ya shati la hospitali, mwembamba, tumbo limejitokeza. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaitikia kwa heshima zote. Kisha akaitazama harusi ya mwanawe, na mimi nikamtazama yeye nikisubiri shukrani. Hakutabasamu kanisani. Hakutabasamu kwenye ngoma. Keki ilipoletwa akasogea mbele, pua inakaribia skrini. Keki ikaliwa, muziki ukaanza. "Rudisha," alisema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu aliifunga ile deki kwa mkono wake, akalala, akageukia ukuta. "Basi ni kweli," alisema. "Ojambo alikaa."

Sikuelewa kitu. Ojambo ni nani? Amekaa wapi? Nilidhani homa imempanda. Nabwire alitoka mbio mpaka kwenye bomba la maji uani, sisi tukamfuata, na hapo ndipo nilipoelezwa yale ambayo ilifaa niyajue asubuhi. Ojambo ni mdogo wake mzee. Waligombana juu ya mpaka wa shamba la baba yao, miaka hawasalimiani. Na kwao, baba asipokuwepo harusini, ndugu yake hukaa kwenye kiti chake, bibi harusi akapiga magoti na kumlisha keki kama angemlisha baba. Mgeni mmoja alipita hospitalini akamwambia mzee kwamba Ojambo amekaa na amelishwa. Ulikuwa uongo. Nabwire aliwakatalia wazee wote wa ukoo mbele ya watu, akaiweka keki juu ya kiti kitupu, na akamwomba Wandera asiiondoe kamera pale mpaka zamu ya wazazi iishe, ili baba yake aone kwa macho. "Nimemwapia," Nabwire alisema, "akaniambia ataamini akiona. Unajua amesema nini jana? Kama nafasi yangu imeshakaliwa, mnanipeleka Mbale nikatafute nini."

Wandera alinivuta pembeni. "Athieno, ile ya kiti iko wapi?" Nikajibu kwa sauti ndogo, "Ile ulikwenda kula?" Nadhani alitafuta tusi, akalikosa. "Sikula siku ile," alisema. "Nilisimama nyuma ya kamera nikizuia watu wasikatize mbele. Njaa iliniuma mpaka nikaona nyota." Nikakaa kwenye ukingo wa mfereji wa maji machafu. Nilimwona akirudi wodini, nikajikokota nyuma yake. Akasimama mbele ya kitanda. "Mzee, ni mimi nimekata," alisema. "Nilikuwa na haraka. Ojambo hakukaa. Hakukaa mtu." Mzee Egesa hakugeuka. "Kesho utaleta ingine umetengeneza," alijibu. "Nyinyi mnakata, mnaunga. Kitu ya kompyuta sitaki tena."

Kwa nini alisema ni yeye? Hili ndilo linalonisumbua tangu nitoke matangani. Siku zile nilijiambia ananikinga nisifukuzwe na wateja, msichana mgeni, Kiswahili kibovu, nani angenipa tena harusi yake. Baadaye nikafikiri hapana, alijilaumu kwa kutonieleza. Sasa nina umri uliouzidi ule aliokuwa nao yeye na bado sijui. Nilimwuliza mara moja tu, njiani kurudi, nikipiga kelele juu ya mlio wa pikipiki. Akapiga kelele pia: "Studio ni ya nani?" Niliyoyashika ni hayo tu, mengine yakachukuliwa na upepo, na nikaona haya kuuliza tena.

Tulichokuwa tunakimbilia ni kanda. Picha ya kiti nilikuwa nimeshaifuta kwenye kompyuta ili kupata nafasi, ndiyo spidi hiyo. Ilibaki kanda yenyewe, kama kipaimara hakijarekodiwa juu yake. Studioni hatukuiona ndani ya kasha. Wandera akamwaga begi lake la kamera sakafuni: betri, waya, kitambaa, kanda tatu. Mbili alikuwa ameshazitumia. Mimi sikutaka kuangalia, nilifunika uso. Nikasikia anacheka, akanipa ya tatu, nayo ilikuwa na mwandiko wangu, "Nabwire 2." Wanakwaya waliruka wimbo mmoja, kipaimara kikaisha mapema, kwa hiyo hakuifikia. Tulikaa sakafuni wote wawili. Halafu Wandera akaitumbukiza kanda ndani ya kamera, akafungua ile skrini ya pembeni, harusi ikatokea pale pale, na tukatazamana. Kutwa nzima tulikuwa tunahangaika kuharakisha kitu ambacho kilikuwa tayari tangu siku ya harusi! Tungempelekea mzee kamera asubuhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria hilo, wala Nabwire, wala mumewe, kwa sababu harusi bila DVD tuliiona haijawa harusi.

Alfajiri tulikuwa Masafu. Gari la Mbale lilishawashwa, dereva anapiga honi, muuguzi anambembeleza mzee, mzee amekaa kitandani miguu mitupu, hataki. Wandera alibaki mlangoni. "Nenda wewe," aliniambia. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia mzee kwa Kiswahili changu kile kile, "Baba, hii si kompyuta. Hii ni kanda yenyewe, haijakatwa." Nikaishika kamera mbele yake. Akaona wazazi wa bwana harusi wakilishwa keki. Akasikia mshereheshaji akimwita baba wa bibi harusi, na wazee wakinong'ona. Akamwona Nabwire akija na sahani, akipiga magoti mbele ya kiti, akiiweka, akiinuka na kwenda zake. Kikabaki kiti.

Dakika moja, kiti. Dakika ya pili, kiti. Dereva akapiga honi ndefu. Kidole changu chenyewe, bila kunishauri, kikaenda kwenye kitufe cha kukimbiza mbele. Mzee Egesa akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo. "Wacha, mtoto," alisema. "Mimi nakaa hapo."

Basi tukakaa. Muuguzi akaja nyuma yangu, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainuka kwa viwiko, na wote tulitazama kiti kitupu tukisikiliza hotuba za watu wasioonekana. Kwenye dakika kama ya nane, upepo ukakipindua kile kitambaa cheupe, kikaning'inia upande mmoja. Mtu mzima mmoja mwenye kofia akaingia kwenye picha. Nabwire, aliyesimama upande wa kichwa cha baba yake, akaziba mdomo kwa kiganja, nikajua ni nani kabla sijaambiwa. Ojambo alisimama mbele ya kiti cha kaka yake, akatazama kulia na kushoto, akainama, akakirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha kwa viganja vyote viwili, akaisogeza sahani katikati. Kisha akatoka. Hili mimi nililipitisha mara nane ya mwendo wake na sikuliona, na Wandera aliyekuwa nyuma ya kamera hakuwahi kulitaja.

Mzee aliangalia mpaka dakika ya mwisho, mpaka kamera ikageuka kwa wachezaji, ndipo akaniachia mkono. "Viatu yangu iko wapi?" aliuliza. Nabwire akaingia chini ya kitanda akavitoa, akamvalisha, kimoja kimoja. Tukamshika huku na huku mpaka garini, dereva akiwa ameshachoka hata kupiga honi. Mguu mmoja ukiwa ndani na mmoja bado chini, mzee akasimama.

"Ojambo anajua hospitali ya Mbale?" aliuliza.

"Anajua, baba," Nabwire alisema.

"Basi mwambie aje akae na mimi."